Mpunga Uliokaa Juu ya Moshi

Niseme mapema tusichoshane: watani wa ukoo wetu sijawasamehe, na baba yangu mdogo ndiyo kabisa. Naambiwa mtani hakasirikiwi. Haya, sikasiriki. Nasimulia tu.

Baba alikuwa mkulima wa mpunga upande wa Mchombe. Kila mwaka, kabla mtu yeyote hajaingiza mundu shambani, alipita peke yake na kisu kidogo akichagua masuke ya mbegu, moja moja. Aliyafunga mafungu kwa kamba za mgomba, akayaning'iniza jikoni juu ya mafiga, moshi uyapige mpaka yawe meusi, fukusi wasiyaguse. Mvua zikija alipanda sehemu tu. Nyingine aliibakiza palepale juu, mto usije ukamwacha mikono mitupu.

Mbegu yenyewe haikuwa na jina la dukani. Tuliiita mpunga wa bibi, kwa sababu mama yake baba alishuka nayo bondeni kutoka upande wa Mahenge, ameifunga kwenye pindo la khanga. Ilichelewa kukomaa, mabua yake marefu yalilala upepo ukipita, na ndege waliipenda kuliko mpunga mwingine wote. Lakini ukiupika, jamani, mtu aliyeko barabarani alijua kwetu leo kuna nini. Majirani waliiacha mmoja mmoja, wakahamia kwenye mbegu fupi zinazowahi. Siwalaumu, watoto wanasoma. Mwishowe ikabaki kwa baba tu.

Nilipokuwa mdogo niliuchukia mpunga ule. Mwaka mmoja mto ulifurika, maji yakakaa shambani mpaka kila kitu kikaoza. Tulikula maembe mabichi ya kuchemsha, tukachimba viazi vya porini. Na mafungu yale yako juu ya vichwa vyetu, tunayatazama kila jioni tukiota moto! Mama hakuwa mwanamke wa kuomba, lakini siku ile aliomba.

"Baba watoto, sufuria moja tu. Ya uji."

"Mbegu hailiwi," baba akasema. "Labda nife kwanza."

"Eti akiba haiozi," mama akamjibu. "Sawa. Wataoza watoto."

Asubuhi baba aliondoka kwenda kwenye mashamba ya miwa kutafuta kibarua, na tulikaa muda mrefu bila kumwona. Alirudi na unga, mikono imechanwachanwa na majani ya miwa, hata kijiko hawezi kushika. Mama akapika uji, akamlisha kama mtoto. Ndipo akaanza kumsemesha tena. Mimi nilikaa pembeni nikiitazama ile mikono, na chuki yangu ikaniishia hapohapo.

Lile neno lake likawa mzaha wa kijiji kizima. Ukimwomba jirani kiberiti, anakujibu, "Labda nife kwanza," mnacheka, anakupa. Baba mwenyewe alicheka.

Wajukuu ndio waliomlainisha. Sisi hatukuthubutu kugusa hata kofia yake, lakini binti yangu wa mwisho alimpanda mgongoni akamvuta masikio. Baba alimwita mchumba. "Mchumba wangu, njoo tuchague mbegu. Huyo mama yako muache, hana macho." Alimfundisha kwamba suke linalosimama wima lina maringo tu, ndani halina kitu, achukue lililoinama. Likizo ikiisha nilikuwa nambeba analia kurudi naye Lumemo, ninakoishi na cherehani yangu, na baba amesimama njiani anajifanya kukohoa.

Mwaka aliokufa miguu ilikuwa imemkataa. Baada ya mavuno aliniita jikoni, akanionyesha kule juu kwa fimbo yake.

"Mvua hizi utapanda wewe, kile kipande cha kando ya mto. Yote hii ni ya kwako sasa, wewe na mchumba wangu. Mimi mtaniweka kwenye dungu niamie ndege. Miguu sina, kelele bado ninazo."

"Sawa, baba."

Nilikilima kile kipande kwa mikono yangu. Wateja walinitukana kwa nguo zao zilizochelewa, nikawaacha watukane. Kikawa safi, kinasubiri mvua. Baba hakuisubiri.

Msiba ulijaa. Na naomba hili lieleweke vizuri: mchele ulikuwepo. Magunia ya kununua yameegemea ukutani, na wenzetu wa jumuiya wakaleta mengine. Hakuna mtu aliyekuwa na njaa pale.

Watani wakaja, kama desturi inavyotaka. Mmoja wao, mwanamume mnene, alivaa koti la baba na kofia yake, akatembea akiburuta mguu kama yeye, akakohoa kile kikohozi chake cha kujifanya. Loo, nilicheka huku machozi yanatoka. Hata mama, pale kwenye mkeka, alitabasamu. Ndiyo kazi ya mtani hiyo, kukupa pumzi kidogo wakati kifua kimebana, na mpaka hapo namshukuru. Kisha akaingia jikoni.

Sisi wafiwa tulikuwa ndani, hatukuona. Nilikuja kusimuliwa baadaye kwamba alisimama chini ya yale mafungu, akatanua mikono na kuiga sauti ya baba: "Mbegu hailiwi! Labda nife kwanza!" Na baba yangu mdogo, tumbo moja na marehemu, anayejua mbegu ile ilitoka wapi na ilikuwa imebaki kwa nani, akaitikia, "Basi si umeshakufa?"

Kicheko kile nilikisikia kwa masikio yangu. Wakayashusha yote. Nikasikia na mchi kwenye kinu, na wanawake wanaimba. Nikadhani wanatwanga kisamvu.

Sinia lilipoletwa, harufu ilitangulia. Nilikuwa sijala tangu jana yake, nikatia mkono. Mama alichukua tonge, akalinusa, akalirudisha kwenye sinia.

"Kula, mama. Utaanguka."

"Huu ni ule wa juu," akasema.

Tonge langu lilikuwa mdomoni. Msibani, mbele za watu, hutemi wali. Nikalimeza.

Nilipofika jikoni kamba za mgomba zilikuwa chini na kuku wanaparua pumba. Binti yangu ameshachuchumaa hapo, anachambua punje, anawafukuza kuku na kulia. Alizopata zilikuwa zimepasuka. Mvua zilipoanza tulizipanda hivyohivyo, kwa ubishi. Hazikuota.

Nilimfuata baba mdogo. Shikamoo nilimpa, sikuwa nimerukwa na akili. Lakini nikamwuliza, alishindwaje kusema hapana? Akasema, "Mwanangu, anachochukua mtani msibani hakidaiwi. Na ulikuwa wali mtamu, tulimpa heshima kaka yangu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Nikamwuliza hayo yajayo tutayaganga kwa mbegu gani. Akaniletea mfuko wa mbegu za dukani, zimepakwa dawa nyekundu. Nikazipanda pale kando ya mto, maana shamba nililokwishalilima siliachii magugu. Nilivuna vizuri, sitadanganya. Wali wake unashibisha. Ukipita barabarani hujui kama kwetu tunapika.

Yale maembe mabichi tuliyakula ili mpunga ule usife. Mama alinyimwa sufuria moja ya uji. Halafu watu walioshiba wakaumaliza mchana mmoja, wakalamba na vidole.

Ilipofika misa ya mwaka, watani wakarudi. Nilikuwa nagawa chakula mwenyewe. Yule mnene akaitazama sahani yake, akaisukuma.

"Binti wa mzee, wali gani huu wa wagonjwa? Tupikie ule wa siku ile."

Nilisimama na mwiko mkononi.

"Umekwisha," nikasema. "Ule mlioula ndio ulikuwa wa mwisho. Mmemla baba yangu. Mmemla na mama yake aliyeushusha kutoka mlimani. Hata mifupa hamkutubakizia."

Watani wakaangua kicheko, wanapigana mabega, wengine machozi yanawatoka. "Jamani, huyu ndiye mtoto wa mzee! Anajua utani huyu!" Baba mdogo alipiga makofi. Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameinamia sahani yake.

Mtani akajifuta machozi, akanisogezea sahani nimwongeze. Nikamwongeza.