Vidole Vyangu Vyembamba

Juzi binti yangu aliniambia Waingereza wana neno la kusifia kitu kidogo, laini. Kwetu Iringa udogo wangu ulikuwa tusi. Shangazi Semeni, jina lake silifichi, asubuhi moja utotoni mwangu alininyima uji: "Haka kanakufa tu, mpeni mwenye mwili."

Mchana ule bibi aliniketisha mkekani penye harufu ya milulu mibichi, nyasi za kusukia vikapu. Nilidhani nawekwa pembeni nife. Kumbe kitako cha kikapu huanzwa na vidole vyembamba, na vya Shangazi vilikuwa vinene. Nilipokisuka kikafika upana wa sahani, bibi akakimwagia ulezi, akakitikisa. Haikupita hata punje.

"Semeni, mletee mwenzio uji."

Akaleta, kwa mikono miwili. Nikanywa taratibu, namwangalia usoni.