Shuwa Iliyopotea Mchangani

Ijumaa iliyopita nilisimamisha gari Bidbid, hapa Omani, pale njia inapochepuka kwenda Ibra, ninunue makaa na barafu. Watoto wa mdogo wangu walikuwa nyuma wakigombania dirisha, na mdogo wangu mwenyewe, mama yao, kalala kiti cha mbele mdomo wazi. Nilikuwa nimezunguka gari kukagua magurudumu mpaka muuza makaa akaniuliza kama gari ni ya kuazima. Safari yenyewe ni ya kulala hemani usiku mmoja tu, lakini mimi, tangu nimalize chuo, naogopa kukosea; hata viatu vya kununua navifikiria mpaka duka linafungwa. Basi nikabeba gunia, vumbi la makaa likanipanda puani, nikapiga chafya, na hapo hapo nikawa mtoto tena.

Maana Baba naye alikuwa akisimama Bidbid. Kila msimu wa baridi, shule zikifungwa, tulikwenda kulala kwenye vilima vya mchanga, mbele ya Ibra. Tukipita Fanja tu, mdogo wangu anaanza: "Tumefika?" Bibi, mama yake Baba, alipakata ndoo ya maandazi ya iliki njia nzima, utadhani njiani kuna majambazi wa maandazi. Tukifika, Baba anagombana na vyuma vya hema, Mama anatafuta sinia lake, na sisi tumeshalipanda, tunateleza nalo kilimani tukipiga kelele. Mchanga uliingia masikioni, kwenye chai, kwenye wali. Ukilalamika, Bibi anakwambia, "Kula, mwanangu. Mchanga kidogo ni kiungo."

Mwaka nisiousahau alikuja Mjomba pia, kaka yake Mama. Yeye na Mama walizaliwa Ibra, kwa wazee waliorudi kutoka Unguja. Baba alizaliwa Tabora, akaja Omani kijana mkubwa, na kwa Mjomba hicho kilikuwa kichekesho kisichochakaa.

"Shemeji, nyinyi watu wa Bara mishikaki mnaiweza, wallahi," alimwambia tulipokuwa tunashusha mizigo. "Lakini shuwa ina wenyewe."

Utani ule ulikuwa na mwiba. Kwao Ibra, kila Idi, wanaume wa ukoo hufukia nyama ya shuwa pamoja kwenye shimo moja kubwa la makaa, iive usiku kucha. Baba, kwa kuwa ni mkwe, alikuwa akikalishwa pembeni na kikombe cha kahawa, kama mgeni. Sisi watoto tulimwona anavyolitazama lile shimo.

"Mimi nimekuja na paja la mbuzi," Baba akamjibu. "Kesho utakula, kisha utaniomba radhi."

"Nikila nikaipenda, Idi utafukia wewe, mbele ya wazee wangu wote."

Basi jioni ile Baba alichimba shimo, akawasha makaa mpaka yakawa mekundu. Paja lilikuwa limepakwa bizari tangu juzi yake, likafungwa kwa majani ya mgomba, likatiwa kwenye kikapu cha makuti. Akaliteremsha, akafunika bati, akarudishia mchanga. Mjomba alitaka kuchomeka kijiti. Baba akakataa. "Alama ya nini? Gurudumu la nyuma la gari si hili hapa?"

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kugonganisha meno. Bibi alimaliza kusali, akajikunyata. "Mwanangu, upepo huu utanizika kabla ya siku zangu." Baba, mwana mwema, akaisogeza gari imkinge mama yake. Upepo nao ukafuta njia ya magurudumu, ukaulaza mchanga kama shuka.

Tulikunywa chai kwa raha zetu. Kisha Baba akachukua chepe, akaenda kwenye gurudumu la nyuma, akachimba. Hamna. Akachimba zaidi. Hamna.

Mama akauliza taratibu, "Baba watoto, gari ilikuwa hapa?"

Baba akageuka kuitazama gari, chepe mkononi. Mjomba alikaa kitako kwa kicheko. "Shemeji! Mbuzi wako kafufuka, karudi Tabora!"

Tukaanza kuchimba sote, kila mtu kwa imani yake, watoto kwa sahani. Mimi nilikuwa nimeshaona yote: mbweha kala nyama, na Baba kakalishwa pembeni na kikombe chake Idi zote za maisha yake. Vidole vya miguu vilikufa ganzi. Mdogo wangu peke yake alikuwa kakaa mchangani, kajifunika kanga ya Bibi, anakula andazi.

"Inuka uwapishe wenzio," Mama akamwambia.

"Sitaki. Hapa pana joto."

Baba akaacha chepe. Akapiga magoti, akaweka kiganja mchangani, ubavuni mwa yule mtoto, akafumba macho.

"Kuku anaatamia," Bibi akasema, "na nyinyi mnatafuta yai kwengine!"

Baba akachimba pale pale. Harufu ilipotoka, karafuu na moshi na majani, hata Mjomba alikuja na sahani. Nyama iliachia mfupa yenyewe. Mjomba alikula, akalamba vidole, akamwangalia Baba. "Khalas, yamekwisha. Idi uje na chepe lako."

Na Baba akaenda nalo, Idi ile na nyingine nyingi. Tangu hapo, mtu akipoteza ufunguo nyumbani kwetu, huulizwa, "Gari umeisogeza?"

Siku hizi lile shimo la Ibra limepigwa saruji, panaegeshwa magari. Shuwa ya Idi tunaagiza kwa simu. Bibi ametangulia. Mjomba na Baba wana magoti mabovu na hushindana nani anaumwa zaidi. Kule mchangani kumejaa mahema ya kukodi yenye umeme. Ijumaa ile ilitubidi tuende mbali kupata kilima chenye giza.

Nilifukia nyama mwenyewe. Baba alipiga simu kunikumbusha, "Usiisogeze gari." Nikachomeka kijiti, nikakifunga kitambaa chekundu, nikapiga picha, na bado usingizi uliniruka.

Alfajiri nilitoka hemani. Kijiti kilikuwepo, kitambaa kinapepea, hakuna kilichopotea. Watoto hawangekuwa na cha kutafuta. Kisha nikaking'oa, nikasawazisha mchanga kwa kiganja, nikaenda kuwaamsha watoto.

"Vueni viatu," nikawaambia. "Shuwa imepotea. Tafuteni penye joto."

Mdogo wangu alinikazia macho. Akacheka, akavua vyake.