Shemeji Ansbert na Pombe Asiyoionja

Watu wengi wa kata yetu wanamfahamu shemeji yangu Ansbert kwa sababu ya mkewe Zita, na wanapomtaja huanza kucheka kabla hawajasema lolote. Sina ugomvi na kicheko chao. Ila kicheko huacha mengi nje, na wajukuu wa ukoo huu wanaosoma Bukoba na Mwanza wataulizwa siku moja kama ni kweli mzee wao aliifunga pombe kijijini ili mdogo wake auze peke yake kwa siri. Ni vizuri wawe na jibu.

Ansbert ni mdogo wa marehemu mume wangu, William, tumbo moja. Walizaliwa hapa hapa upande wa Mbuba, kwenye mteremko wa migomba na maharage. William alisoma akawa mtu wa ofisi, na baadaye wananchi wakamchagua mwenyekiti wa kijiji. Ansbert alimaliza darasa la saba akabaki na baba yao, aliyekuwa mtengenezaji wa urwagwa, yaani pombe ya ndizi kama tunavyoiita sisi Wahangaza.

Nilipoolewa katika nyumba ile, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, nilimkuta Ansbert kijana mwembamba, miguu yake inanukia ndizi mbivu. Ndizi za pombe walizivundika shimoni zikaiva kwa joto la majani, wakazimenya, wakazimimina kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa na babu yao, kisha Ansbert akazikanyaga pamoja na nyasi mpaka juisi ikajitenga. Juisi ilichanganywa na maji, ikatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa. Wakati wa kungoja ichachuke alikuwa akiinamisha sikio juu ya kifuniko na kusikiliza, halafu anasema, "Bado inaongea sana." Hakuna harusi wala kilio katika vijiji vya jirani kilichopita bila pombe yake. Mwenyewe alikunywa, lakini sikuwahi kumwona akibebwa.

Ukaja mwaka wa kipindupindu. Watu walianza kuugua baada ya matanga fulani, na wengine tukawazika. Bwana afya alipofuatilia alikuta pombe ya pale ilichanganywa na maji ya mtoni yasiyochemshwa. Haikuwa pombe ya Ansbert, nalisema hili waziwazi. Lakini mkutano mkuu wa kijiji ulipoitishwa, watu walikuwa na hofu, na mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi. Ikapitishwa sheria ndogo: pombe ya kienyeji isitengenezwe, isiuzwe, isinywewe. Aliyeitia saini alikuwa mume wangu.

Jioni ile Ansbert alikuja nyumbani kwetu. Alikaa, akanywa chai yote kabla ya kusema.

"Kaka, na bia ya chupa je?"

"Chupa haichotwi mtoni."

"Kwa hiyo wenye hela watakunywa, sisi tutawatazama."

"Mtatazama mkiwa hai," alisema William.

Ansbert alicheka, akasimama. "Sawa, Mwenyekiti. Mimi mdogo wako nikiwa wa kwanza kutii, nani atasema kitu?"

Alitii. Watengenezaji wengine walipasua mitumbwi yao kuni ili waonekane. Yeye wake hakuupasua. Aliugeuza chini juu nyuma ya nyumba, akauegemeza ukutani mvua isiuoze. "Huu ni wa babu," alisema. "Sheria imekataza pombe, haikukataza mti."

Mti ule ndio ulioleta maneno. Jirani yao mmoja, Mzee Bartholomayo, ana ulimi ambao tangu ujana wake haujapata likizo. Alianza kusema kijiweni kwa wauza kahawa kwamba mwenyekiti ni mjanja: amewafunga wote, kamwachia mdogo wake mtumbwi. Na kweli Ansbert alikuwa akikamua kidogo siku za gulio, juisi tupu, tamu, ya kunywa watoto, ambayo sheria haikuigusa. Ilipobaki jioni aliwamiminia nguruwe, maana ikilala inageuka pombe. Watu walisema nguruwe wa Ansbert ndio walevi pekee waliobaki kijijini. Wakicheka hivyo, wengine walikuwa wakiuliza kwa sauti ya chini kama kweli ni nguruwe.

William aliumia. Mtu anaweza kuvumilia kutukanwa kwa kosa lake, lakini kosa hili halikuwepo. Aliacha kwenda kahawani. Ansbert aliona. Hakuja kutuomba ushauri, mimi wala kaka yake. Jumapili moja, pale kigangoni, katekista alipowaita wanaotaka kuacha pombe waje mbele, tulimwona Ansbert akitoka kwenye benchi la wanaume. Aliweka mkono juu ya msalaba, akaapa kwamba pombe haitapita midomoni mwake mpaka siku ya kuzikwa. Zita aliyekuwa amekaa karibu nami alisema polepole, "Huyu mwanamume mbona hakuniuliza?"

Toka siku ile Bartholomayo alitafuta habari nyingine. Mtu aliyeapa mbele ya msalaba huwezi kumwita muuza gizani, hata ukiwa na ulimi wa namna gani. Jina la nyumba yetu lilisimama, na aliyelisimamisha ni huyu ambaye watu wanamcheka.

Miaka ikapita. Wasichana wa kijiji walichumbiwa kwa kreti za soda, na wazee walikaa mbele ya chupa zile kama watu walioalikwa kwenye sherehe ya watoto. Wanaume wenye kiu walivuka kwenda vijiji vya Murukulazo na kurudi usiku wakianguka mitaroni. Gongo nayo, ambayo sheria ya nchi ilikuwa imeikataza siku zote, iliingia kwa mlango wa nyuma. Mume wangu aliyaona hayo. Maji ya bomba yalipofika, alimwambia mwenyekiti aliyemfuata, mbele yangu, kwamba sheria ile ilikuwa ya ugonjwa, na ugonjwa umeondoka. Alifariki kabla haijaguswa. Wanaosema angechukia kufunguliwa kwa pombe hawakumjua.

Mkutano wa kuifungua ulikuwa mrefu na wenye kelele kuliko wa kuifunga. Mwishowe wakakubaliana: pombe itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, iuzwe kuanzia saa tisa alasiri, na kwa kuanza kibali kiwe kimoja tu. Wawili waliomba. Mmoja alikuwa Projestus, kijana mwenye duka pale senta, aliyenunua mapipa ya plastiki. Wa pili alikuwa Ansbert. Wazee walimtaka Ansbert. Mtendaji wa kijiji akasema atengeneze mara moja, watu wanywe mbele ya kamati ya kijiji, na kama hawataikubali kibali kiende kwa Projestus.

Nilimwita nyumbani. "Shemeji," nilimwambia, "uliapa."

"Niliapa mdomo, Mwalimu. Miguu sikuiapia."

"Na ukishindwa?"

"Nisipojaribu nitakufa nikilima maharage ya watu." Alikuwa hacheki. Miaka yote ile alikuwa amefanya vibarua vya kila namna, na hakuna hata kimoja ambacho mtu alimtafuta kwa jina lake. Hapo nilielewa anachotaka. Nikamwazima sufuria zangu kubwa za kuchemshia maji.

Siku ya pombe tulitoka Misa tukaenda kwake moja kwa moja. Mtumbwi ulikuwa umeoshwa. Kamati ilikaa kwenye viti, wazee kwenye mabenchi, vijana wamesimama. Projestus alikuwepo, mikono mfukoni. Ansbert alileta kibuyu kikubwa chenye mrija, akakiweka mbele ya Bartholomayo aliyekuwa mkubwa kwa umri, akarudi nyuma.

Bartholomayo hakukigusa.

"Mbona unakimbia?" alisema. "Onja kwanza."

Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa, lakini wajukuu wa mjini nawaeleza. Kwetu mwenye pombe huonja yeye kwanza mbele ya wageni, wote wamwone amemeza, ndipo kibuyu kinapita. Asiyeonja anakuwa ameweka kitu. Haijalishi ni ndugu yako wala mchungaji.

"Mzee, unajua niliapa," alisema Ansbert.

"Najua. Nilikuwepo. Na mimi sikuapa kunywa kitu ambacho mwenyewe anakiogopa."

"Sikiogopi."

"Basi meza."

Wazee wengine walitazama chini. Hakuna aliyedhani kuna sumu, nadhani hata Bartholomayo hakudhani. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kunywa pombe isiyoonjwa, baada ya kipindupindu, mbele ya majirani. Katekista alisogea akamwambia Ansbert kwa upole kwamba anaweza kumwona padri, afunguliwe kiapo chake, pombe si dhambi. Ansbert alitikisa kichwa.

"Niliapa kwa ajili ya jina la mtu," alisema, "na mtu mwenyewe hayupo tena anipe ruhusa."

Mtendaji alitazama saa. Projestus alitoa mikono mfukoni. Nilimwona shemeji yangu akiangalia mrija ule, na mkono wake ulisogea kidogo. Kama angeinama, angepata kibali, na kesho yake Bartholomayo angesema kahawani kwamba kile kiapo kilikuwa cha uongo tangu mwanzo. Asipoinama, pombe yote ingekwenda kwa nguruwe.

Zita alitoka jikoni anafuta mikono kwa kanga. Aliwapita wanaume, akapiga goti mbele ya kibuyu kama heshima inavyotaka, akashika mrija.

"We Zita," alisema Bartholomayo, "hiyo ni kazi ya mwenye pombe."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lakini..."

"Ndizi nimemenya mimi. Mtama nimekaanga mimi. Maji nimechemsha mimi mpaka macho yameingia moshi. Na huyu nalala naye kila siku, akitaka kuniua ana njia rahisi kuliko kukanyaga ndizi."

Vijana waliangua kicheko. Zita hakucheka. Alivuta kwa mrija, akavuta tena, koo lake likapanda na kushuka wote wakiona.

Sitaficha kwamba sikupenda. Katika nyumba yetu mwanamke hakunywa mbele ya wanaume, tena kabla yao, tena kwa mrija wao. Mama mkwe wetu angefunika uso. Bartholomayo naye alikuwa ameanza kulalamika kwamba kinywa cha mke hakihesabiki, na macho yalikuwa yananigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nilisimama.

"Ameonja mtu wa nyumba ya marehemu mwenyekiti," nilisema. "Aliyeifunga pombe hii alikuwa wa nyumba hii, na anayeifungua ni wa nyumba hii. Mwenye wasiwasi bado, aende nyumbani kwa amani."

Hakuna aliyeondoka. Bartholomayo alikohoa, akavuta kibuyu karibu, akasema joto limekuwa kali mno kubishana na wanawake wasomi. Alikunywa kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa wote walimngoja.

"Maji ya kuchemsha yameifanya ipoe kidogo," alisema. "Lakini ni yenyewe."

Kibali kilipatikana kesho yake. Projestus hakukasirika sana. Siku hizi ndiye anayemletea Ansbert mtama kwa pikipiki.

Hiyo ndiyo habari wanayoicheka, kwamba kwa Ansbert pombe haiuzwi mpaka Zita aonje. Ni kweli. Juzi nilipita pale alasiri nikakuta wateja wamekaa, vibuyu vimejaa, na hakuna anayekunywa, kwa sababu Zita alikuwa hajarudi gulioni. Bartholomayo alinilalamikia.

"Mwalimu, zungumza na shemeji yako. Tunakauka."

"Haijaonjwa," alisema Ansbert, akaendelea kupangusa mtumbwi wake.

Zita aliporudi alitua mzigo wake, hakuharakisha, akanawa mikono, akapiga goti. Ansbert aliacha kitambaa akasogea karibu. Tangu pombe ilipofunguliwa hajawahi kuijua ladha ya pombe yake mwenyewe, hii ya maji ya kuchemsha ambayo watu sasa wanaifuata hata kutoka Kibimba. Anaijua kwa sikio, kwa pua, na kwa uso wa mkewe. Alimtazama Zita akimeza, wateja nao wakimtazama Ansbert.

"Vipi?" aliuliza.

Zita alifikiri kwanza, kama anavyofanya kila mara, kisha akamweleza polepole ilivyo, yeye akisikiliza mpaka mwisho.