Neno Alilokuja Nalo

Kasesya nilifika saa tatu asubuhi, na nilipovuka geti la mpaka ikawa saa mbili. Mdogo wangu alikuwa akinitania kwa jambo hilo miaka yote aliyokaa upande wa Zambia. "Dada," alikuwa akisema kwenye simu, "huku tuko nyuma yenu kwa saa nzima. Utazeeka kabla yangu." Sasa nilikuwa nimesimama kando ya foleni ya malori, ukungu umeshuka mpaka kwenye matairi, narudisha nyuma mshale wa saa yangu ya mkononi. Nikatamani mpaka huo uwe na ukarimu kidogo zaidi. Ungenirudishia miezi minane tu, ningemkuta hai.

Nilikuwa nimekwenda kumchukua binti yake. Karatasi zinaita kuasili. Mimi ni fundi cherehani wa Chanji, Sumbawanga, sina mume wala mtoto, na neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu. Kwetu mtoto wa mdogo wako wa kike ni mwanao tangu siku aliyozaliwa, hakuna cha kuasili hapo. Lakini baba yake alikuwa amefariki zamani, mama yake naye akafuata, na mtoto alizaliwa ng'ambo. Serikali mbili zilitaka mihuri.

Simu ya msiba ilinikuta nimelazwa hospitali, nimetoka kufanyiwa upasuaji. Mdogo wangu akazikwa mimi nikiwa kitandani. Sikuona jeneza, sikutupa udongo, na sijui kama nililia. Nadhani ndiyo sababu safari ile yote niliiona kama naota.

Gari la kwenda Mbala lilipita kwenye mashamba ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa, na kama si saa yangu ningesema bado niko Ufipa. Upepo ni uleule, hata wanawake wa njiani wamejifunga vitenge vilevile. Abiria walikuwa wakiongea Kimambwe, ambacho ni ndugu wa Kifipa, nikawa naelewa sentensi moja na kuikosa inayofuata. Nikafumba macho. Mara mbili nilisikia sauti ya marehemu bibi yangu, safi kabisa, ikiniita. Nilipofumbua niliona ni mama mmoja tu anaulizia kuku wake aliyefungwa chini ya kiti.

Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa mtu mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota.

"Kwa hiyo wewe ni shangazi," aliniambia, kalamu mkononi.

"Shangazi? Mimi?" Nilisahau kwamba niko ugenini. "Shangazi ni dada wa baba, mtu wa ukoo mwingine kabisa! Mimi ni mama yake mkubwa."

"Kwenye fomu ya Kiingereza ni neno moja tu, mama."

"Basi hiyo fomu haina adabu."

Alicheka sana, kisha akaandika alichotaka kuandika. Nikamuuliza mtoto nitamchukua lini. "Mailo," akajibu kwa Kibemba, akajisahihisha. "Samahani. Kesho." Hilo ndilo likawa neno langu la kwanza la Kibemba, na nikajiona nimeshapata lugha.

Siku hiyohiyo walinipeleka kumwona. Alikuwa analelewa na bibi mmoja, jirani wa mdogo wangu. Nilimwinamia nikasema shikamoo, naye akapiga magoti, akapiga makofi ya taratibu na kusema, "Mwaiseni," yaani karibu. Nilibaki nimeinama nikisubiri marahaba ambayo haikuja. Kisha nikaona gauni.

Mtoto wa miaka mitano alikuwa amekaa kizingitini, amevaa gauni la njano nililolishona mwenyewe na kulituma kwa lori miaka miwili nyuma. Lilikuwa limembana mabegani. Pindo lilikuwa limeshushwa kwa mkono, mishono mirefu ya mtu asiye na subira, mmoja mashariki mmoja magharibi. Mdogo wangu alikuwa hajui kushona, na utotoni nilimcheka kwa hilo mpaka akanirushia kibao cha kusukumia chapati.

Bibi alimgusa mtoto bega, akanionyesha mimi. "Ni mayo," alisema. Mayo ni mama, hilo halikuhitaji mkalimani.

Mtoto aliniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba. Kisha akatikisa kichwa na kusema maneno mawili.

"Mayo, mailo."

Mama, kesho. Niliyaelewa vizuri mno. Mama yangu siyo huyu, mama yangu anakuja kesho. Nikaona hakuna aliyemwambia kwamba mama yake amekufa, na kwamba kazi hiyo nimeachiwa mimi, ambaye hata lugha sina. Nilichuchumaa mbele yake nikafanya kitu cha aibu, nikamjibu, "Ndiyo. Mailo."

Keshoye tulivuka Kasesya pamoja, tukapoteza ile saa moja niliyokuwa nimepewa. Alilala mapajani mwangu njia nzima.

Sumbawanga ilimpokea kwa baridi ya Juni. Nilimshonea sweta mbili kwa vitambaa vya blanketi, na akawa anakaa chini ya meza ya cherehani akichezea vifungo. Kiswahili alikiokota haraka kuliko nilivyotegemea. Alimpa shikamoo kila mtu aliyepita, na mbuzi wa jirani pia. Ila mimi hakuwa ananiita chochote. Akitaka maji alinivuta gauni. Na kila jioni nilipokuwa nafunika cherehani, alisimama mlangoni akaniambia, "Mayo, mailo," nami nikamjibu, "Mailo," tukaenda kula.

Jamani, niliumia. Karatasi zenye mihuri ya nchi mbili zilisema ni wangu, na mwenyewe alikuwa bado anamsubiri mwenye mali. Nikimwambia ukweli atanichukia, nisipomwambia atasubiri mpaka awe mtu mzima. Hata kitubio nilianza kukikwepa. Ningemwambia nini padri? Kwamba kila jioni namdanganya yatima, kisha nampakulia ugali?

Miezi ilipita hivyo. Siku moja akaingia mteja wangu, mwanamke wa Kizambia anayeuza vitenge sokoni, mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba cha kwao. Alikuwa amekasirika.

"Fundi, nilikuja hapa mailo ukawa umefunga!"

"Utakujaje kesho, ukanikuta nimefunga leo?" nilimtania.

"Nimesema mailo. Jana."

"Mailo si kesho?"

"Kesho, na jana pia," alisema, hasira imeshamtoka. "Sisi ni neno hilohilo. Siku iliyo jirani na leo, upande huu au ule. Unajua ni upande upi kwa maneno mengine unayosema pamoja nalo."

Nilimpa gauni lake bila hata kukumbuka kulipiga pasi. Alipoondoka nilikaa na mkono juu ya gurudumu la cherehani, sishoni.

Jioni nilipofunika cherehani, mtoto alisimama mlangoni kama kawaida. "Mayo, mailo."

Safari hii sikumjibu. Nilichuchumaa kama siku ile kizingitini. "Mailo ipi, mwanangu? Ya kesho, au ya jana?"

Alinishangaa. Alielekeza kidole nyuma ya bega lake, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anamfundisha mtu mzito wa kuelewa.

"Jana. Walimweka kwenye udongo. Mimi nilimwona. Walimwekea maua na kikombe chake."

Kumbe alijua. Alijua tangu kizingitini, kabla sijafungua mdomo wangu. Mimi ndiye niliyekuwa sijui, mimi ndiye niliyekuwa namsubiri mdogo wangu apige simu anitanie habari za saa. Mazishi niliyoyakosa, mtoto alikuwa akinisimulia kila jioni kwa maneno mawili, nami nilikuwa namwitikia bila kusikia. Nilikaa chini sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa, nikamlilia mdogo wangu kwa sauti, kilio cha msibani hasa, kilichochelewa karibu mwaka mzima.

Hakuogopa. Alisubiri mpaka kilio kilipopungua, akachukua kitambaa cha sare ya mtu na kunifuta nacho pua.

"Na leo?" nilimuuliza. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

"Lelo?" Hilo ndilo neno lao la leo, na hilo sikuhitaji kufafanuliwa na mtu. Alifikiri kidogo. "Lelo mayo ni wewe."

Kisha akanivuta gauni na kuniambia ana njaa.