Mistari ya Mzee Wandera

Mzee Wandera hakuwa na digrii, lakini sisi wanafunzi wa fizikia pale Kakamega tulimwelewa kuliko maprofesa wetu, na wakinisikia wakasirike tu. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa maabara. Kila mwaka alifunga mapazia, akapitisha leza kwenye matundu mawili membamba, na ukutani ikatokea mistari kumi na mmoja, myekundu, yenye giza katikati yake.

Chembe ya mwanga haijachagua tundu, alitufundisha. Njia zote mbili ziko pamoja, zimeshika mdundo mmoja kama ngoma za isukuti. Kisha alibandika kila tundu plastiki yake, ya kuutia mwanga alama ya njia uliyopita. Mistari ikatoweka, ukabaki ukungu mwekundu. Huo sasa ni mchanganyiko tu, kama gunia la maharagwe mekundu na meupe: kila punje ina rangi yake, ni wewe usiyejua utatoa ipi.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya kustaafu, aliniomba nimsaidie. Presha ya macho ilikuwa imemla, karibu haoni kitu. Alinitambua kwa sauti. Ofisini hakumwambia mtu. Alitaka tu amalize somo la mwisho kwa heshima.

Siku ya somo, mbele ya darasa, alibandika plastiki, mistari ikatoweka. Akasema sasa anazibandua. Akapapasa, akang'oa kipande cha selotepu kilichokuwa pembeni, plastiki zikabaki palepale.

"Mnaona? Mistari imerudi."

Ukutani palikuwa na ukungu tu. Mike, mwenzangu wa darasani, alianza kucheka, nikamkanyaga mguu.

"Imerudi, mzee," nikasema.

Akatuambia tuihesabu. Tukasema kumi na mmoja, darasa zima, na yeye akatabasamu. Sijawahi kuona aibu namna ile.

Wenzangu walipotoka alianza kupanga vifaa, vidole vyake vikagusa plastiki. Akazipapasa zote mbili.

"Nekesa, kumbe haikurudi."

Nililia. Hakunigombeza. Alizibandua taratibu, moja baada ya nyingine, leza ikiwa bado inawaka.

"Sasa usinidanganye, mwanangu. Iko?"

Ilikuwepo, safi kabisa. Nikamhesabia mmoja mmoja hadi kumi na mmoja. Alisikiliza kwa makini, uso ameuelekeza dirishani.