Kiti cha Mama Kwenye Boti

Nilichokuwa nikitafuta ni koti la mvua. Koti tu. La kuazima, la kumtosha mama mfupi mwenye mabega mapana, lisilopitisha maji, la siku mbili za mwezi wa saba. Niliandika hivyo kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wetu wa kanisani, Jumamosi moja nikisubiri basi la Kipling hapa Toronto baada ya shifti. Kama ningejua yatakayofuata ningeiweka ile simu barabarani, basi lipite juu yake.

Mtu mmoja akauliza koti la nini. Nikajibu, kwa ujinga wangu, kwamba nampeleka Mama pwani ya Pasifiki kuvua samaki kwa boti ndogo. Kabla sijashuka mtaani kwangu Rexdale kulikuwa na ujumbe arobaini na tatu. Watu walinipongeza. Watu walituma picha za samaki walizozitoa mtandaoni. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, mzee anayeheshimika na anayependa kuheshimika, akaandika kwamba jambo zito namna hii haliwezi kuachiwa mtu mmoja, tukutane Jumapili baada ya ibada. Katika watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyesema ana koti.

Asiyetujua sisi Wakenya wa Toronto atadhani natia chumvi. Sitii. Jambo likishatajwa mbele ya watu watatu linaundiwa kamati. Harusi ina kamati, matanga yana kamati, mtoto akimaliza shule kuna kamati. Mara nyingi hilo ndilo hutuokoa huku. Baba alipofariki, kamati ndiyo iliyonifikisha nyumbani kumzika, nami sijasahau. Kwa hiyo sisemi kamati ni kitu kibaya. Nasema nilitaka koti.

Mama alikuwa amekuja mwezi wa pili kwa viza ya kututembelea, na tikiti yake ya kurudi Kisumu ilikuwa ya mwanzo wa mwezi wa nane. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, laini ya kukata minofu. Mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, waliletwa wamekwisha kufa, wamelazwa kwenye barafu, naye alisimama na gambuti na kisu tangu asubuhi hadi jioni. Minofu ilipakiwa ikaja ng'ambo. Sisi nyumbani tulikula mgongo wazi, yaani kile kichwa na mifupa iliyobaki baada ya nyama kwenda zake. Jioni Mama alirudi vidole vimekufa ganzi kwa baridi, hawezi kufungua vifungo vya koti lake mwenyewe. Kazi ya kuvifungua ilikuwa yangu. Nilianza nikiwa na miaka saba. Vifungo vilikuwa vitano, na cha juu kilikuwa kigumu.

Mwezi wa tatu nilimpeleka kwenye duka la samaki karibu na kwangu. Akasimama mbele ya kipande kinene cheupe cha halibuti, akakitazama mpaka muuzaji akaanza kututilia shaka, kisha akasema aliyekikata alikuwa na haraka. Tulipokaa kwenye basi nikamtafutia video ili aone samaki mwenyewe alivyo, bapa, mpana kuliko sinia la pilau, macho yote mawili upande mmoja. Kwenye video mwanamke wa makamo alikuwa akimvuta kuingia botini huku mkia unapiga mbao. Mama akaniomba niirudishe. Akaniomba tena.

"Nimekata samaki mpaka nikachoka," alisema, "na sijawahi kuona hata mmoja akitoka majini. Ningependa."

Mama yangu hasemi ningependa. Ukimpa chai baridi atasema iko sawa, ukimlaza sakafuni atasema mgongo unataka hivyo hivyo. Katika maisha yangu yote sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake. Nililichukua nikaanza kulifanyia kazi usiku huohuo.

Nilimpata mzee mmoja mwenye boti kule kisiwa cha Vancouver, upande unaotazama bahari kuu. Boti ya futi ishirini na mbili, yenye nafasi ya wavuvi wanne na yeye nahodha. Alinieleza kila kitu kwa simu bila maringo: tutatoka alfajiri, tutaanza na samoni karibu na pwani, maji yakitulia tutasogea mbali kidogo kutafuta halibuti chini kabisa. Akasema atanishikia siku moja, lakini nimpe majina kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, kwa sababu kila mvuvi lazima awe na leseni yenye jina lake. Majina yalikuwa mawili, la Mama na langu. Kazi yote ilikuwa imekwisha. Lilibaki koti.

Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye ukumbi wa chini wa jengo analoishi mwenyekiti. Tulifungua kwa maombi. Tukachagua viongozi. Mimi nikafanywa katibu, kama ninavyofanywa katibu wa kila kitu, kwa sababu naandika haraka na sina mume wa kumwahi nyumbani. Saa nzima ilikwenda kwenye fulana za safari, ziwe kijani au bluu, na kama picha ya samaki ikae mbele au mgongoni. Mmoja akauliza kwa nini tusivue hapa hapa Ziwa Ontario, nikasema Mama amekaa kando ya ziwa maisha yake yote, na halibuti haishi ziwani. Mwenyekiti akasema hoja imepokelewa. Niliiandika. Safari yangu na Mama sasa iliitwa Ziara ya Uvuvi ya Jumuiya, na Mama, bila kuulizwa, alikuwa ameingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp kama mlezi wa ziara.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikajiambia wataichoka wenyewe. Hawakuichoka.

Kikao cha pili ndicho ninachokikumbuka neno kwa neno, kwa kuwa nilikiandika mimi. Watu kumi na wanne walikuwa wanataka kusafiri, na boti ina nafasi nne. Nilisema nafasi mbili zina wenyewe. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa upole akasema tutafika huko. Tulifika huko mwishoni, kwenye mengineyo, watu wameshaanza kukunja viti. Akasoma majina kutoka kwenye karatasi: yeye kama kiongozi wa msafara, mchungaji kwa ajili ya maombi, makamu mwenyekiti ambaye aliwahi kuvua mtoni alipokuwa kijana, na mimi katibu, nipige picha.

Nikauliza, "Na Mama?"

"Mama ni mtu mzima, bahari ina mawimbi. Ni mambo ya safety tu, ndugu katibu," alisema mwenyekiti. "Yeye tumempa heshima yake. Atatungoja pwani na akina mama wenzake. Na kwa vile ana uzoefu wa miaka mingi, tukirudi atapokea samaki na kuongoza ukataji."

Watu wakapiga makofi. Nataka hilo lieleweke vizuri: walipiga makofi kwa furaha kabisa, wakiamini wamemtendea mema. Mwanamke amekata samaki wa watu miaka ishirini na miwili, anavuka bara zima kwenda kuona mmoja akiwa hai, na hawa wamempangia kisu.

Na mimi nikaandika. Sitafuti kisingizio, lakini nitasema ilivyokuwa. Yule mzee ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika nchi hii mwezi wa kwanza nimevaa viatu vya wazi. Alivua glavu zake akanipa, na kabla hatujaingia barabara kuu akapita dukani akaninunulia buti. Ni rika la baba yangu. Kwetu mtu kama huyo humkatizi mbele ya watu, unaandika, halafu unamtafuta pembeni kwa adabu. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila siku nagombana na wakubwa wangu kwamba bibi fulani asiamuliwe atavaa nini wala atakula saa ngapi, aulizwe mwenyewe. Kwa wageni nina mdomo. Kwa mama yangu niliinamisha kichwa nikaandika, kwa mwandiko mzuri, kipengele cha saba, mengineyo. Jumatatu nikazichapa zile kumbukumbu nikazituma kikundini, kama katibu mwema.

Nilisahau kwamba mlezi wa ziara naye yumo kikundini.

Jumanne mchana nilimkuta Mama jikoni, miwani puani, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Alikuwa amesoma zote, kuanzia waliohudhuria mpaka sala ya kufunga. Nikaanza kuropoka. Nikasema hawa watu hawana akili, mwenyekiti anajiona, makamu hajawahi kuvua chochote zaidi ya kambale. Nilisema mengi mabaya na mengine yalikuwa ya kweli. Mama aliningoja nimalize.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi, Mama."

"Umeandika vizuri." Akavua miwani. "Hao hawanijui. Hao sina ubaya nao. Lakini wewe ndiye ulikuwa unanifungua vifungo."

Hakupaza sauti. Akainuka akaosha kikombe chake, akasema kama safari imekuwa ya watu wengi yeye hana neno, atabaki hapa nyumbani amalizie kufuma sweta. Iko sawa, akasema. Lile neno lake la siku zote lilikuwa limerudi, na mimi ndiye niliyelirudisha.

Nilikwenda bafuni nikafungua maji nikalia kwa hasira. Sikuwa nimemkasirikia mwenyekiti tena, au tuseme yeye alikuwa amebakiwa na kipande kidogo tu. Nilijikasirikia mimi na ile adabu yangu niliyoitumia kwa mtu wa buti nikasahau mtu wa vifungo.

Nilipotoka nikampigia mwenyekiti. Nilimwamkia vizuri. Nikamwambia boti ile niliipata mimi, siku ile nimeshikiwa mimi, na majina ni mawili kama yalivyokuwa mwanzo. Wakitaka boti nyingine nitawasaidia kuitafuta, na nitawaandikia kumbukumbu mpaka wachoke, lakini hii hapana. Akaniuliza, sauti ikiwa imeumia kweli, kama hivi ndivyo ninavyomlipa. Akasema wamemheshimu mama yangu na mimi nawavunjia heshima mbele ya mchungaji.

"Baba," nikamwambia, "zile buti nitazishukuru mpaka nife. Lakini Mama hakati samaki tena."

Akakata simu. Jioni hiyo kikundi kilichafuka. Waliniita mwenye kiburi, mtu aliyebadilishwa na Kanada, na mmoja akaandika kwamba wasomi ndivyo walivyo, kana kwamba kugeuza wazee kitandani kunahitaji shahada. Nilisoma zote, nikajiondoa, nikamwondoa na Mama. Bado nina hasira nao. Nikikutana na makamu kwenye duka la unga namsalimia, na hasira iko palepale chini ya salamu.

Koti nililinunua Alhamisi, la njano, la zipu. Ijumaa mchana nikampigia nahodha, simu nimeiweka kwa sauti juu ya meza ya jikoni. Mama alikuwa upande wa pili na sweta lake, anajifanya hasikilizi. Sikuwa nimemwomba msamaha kwa maneno. Kwetu hatuna huo mtindo, na pengine hilo nalo ni kosa.

Nahodha akauliza majina. Nikaanza na la Mama, herufi moja moja. Akauliza umri, nikamwambia sitini na nane, nikasubiri. Hakusema neno juu ya mawimbi. Aliuliza kama ana tatizo la moyo au mgongo, na kama anajua kuogelea. Nikamuuliza Mama, Mama akajibu, nikapeleka jibu. Ndivyo inavyofanyika, nilifikiri. Unauliza mtu mwenyewe. Kisha akataka kujua ni nani kati yetu atakayeshika fimbo ya kuvulia kwanza samaki akiuma.

"Yeye," nikasema. Mikono ya Mama ilisimama juu ya sweta.

Mwishoni nahodha akasema tulete sanduku la barafu, na tusihangaike na visu. Samaki wetu atawakata yeye mwenyewe tukirudi gatini, ndiyo desturi yake kwa wageni wote. Nilimtafsiria Mama hayo kwa Kiswahili. Akaweka sindano chini.

"Atakata yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Popote unapotaka, Mama."

Akanyoosha mkono akavuta lile koti la njano kutoka kwenye kiti, akaliweka mapajani, akaipandisha zipu na kuishusha mara moja kuona kama inakwama.

"Mwambie nitasimama karibu yake nimwangalie," akasema. "Na asiwe na haraka."