Funga Milango, Kaka

Hadi leo nikiona gari limefungua milango yote huku likipiga muziki, natamani kuokota jiwe.

Nilikuwa fundi wa redio za magari Tunduma, mwanamke peke yangu kwenye kazi ile, chini ya turubai mbele ya duka la mtu. Mvua ikinyesha, nilifunika amplifaya za wateja kwa kanga yangu, mimi nikalowa. Kwa hiyo mwenye jengo moja jipya alipotangaza mashindano ya sauti za magari, na kwamba fundi wa gari litakaloshinda atapewa chumba cha mbele afanyie kazi, nilisema hicho ni changu.

Zamani tulipima kwa kahawa. Tuliweka sinia la kahawa kavu juu ya paa la gari, tukafungulia muziki, na gari lililorusha punje nyingi chini ndilo bingwa. Milango iliachwa wazi yote, maana kila dereva alitaka asikike mpaka sokoni. Safari hii mwamuzi alitoka upande wa Zambia na kifaa kidogo cha kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Nilimfuata mapema, nikamuuliza kinakaa wapi. Akanionyesha: ndani, kwenye kioo cha mbele, milango na vioo vimefungwa. Sauti ikibanwa ndani, namba inapanda. Ukifungua, inakukimbia.

Nilimweleza kaka yangu, mwenye teksi niliyoifungia sabufa mbili, zile spika kubwa za besi, kwenye buti. Nilimweleza Alhamisi, nikarudia Ijumaa, nikarudia Jumamosi. Kila mara alijibu, "Nimesikia, mdogo wangu," macho yakiwa kwenye simu.

Jumapili mchana uwanja ulijaa. Watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walitangulia. Walijifungia garini kama wanaoficha nyama, na umati ukawazomea kwamba gari lao halina sauti. Kaka alisikia zile zomeazomea, na zikamwingia. Zamu yetu ilipofika, mwamuzi akabandika kifaa kwenye kioo, kaka akawasha muziki, kisha akafungua mlango wake. Akafungua wa pili. Akamaliza yote minne, akainua na buti, akaanza kucheza katikati ya vumbi.

"Funga milango, kaka! Funga!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Alinipungia mkono, akidhani namshangilia. Sabufa zile nilizifunga mwenyewe, na nilizifunga vizuri mno; zilimeza sauti yangu yote.

Umati ulimbeba mabegani. Mwamuzi akasoma namba, tukawa wa mwisho, na chumba kikaenda kwa fundi wa Nakonde. Kaka alishuka mabegani mwa watu, akanigeukia mbele yao wote.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Sijawahi kukasirika vile, kabla wala baadaye. Nilichukua bisibisi, nikazing'oa sabufa zote mbili palepale, waya mmoja baada ya mwingine. Waliokuwa wakishangilia walirudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kunisogelea.

Jioni ile, kama tulivyokuwa tumepanga, tulikwenda kwa wazazi, Nanyala, kwa teksi ileile. Gari lilikuwa kimya kabisa, unasikia hata kokoto zikigonga chini. Tulipopita Vwawa alipunguza mwendo, akasema kwa upole, "Haya, sema. Nakusikia."

Nilipandisha kioo cha upande wangu mpaka juu. Kesho yake nilikuwa nimerudi Tunduma, chini ya turubai, na mvua ilinyesha.